Maji Machafu Bustanini na Dawa Zinazokosa Nguvu



Siku moja, katika somo la teolojia ya matendo, mufratri mmoja aliuliza swali lililotuchekesha kwanza, kiisha likatunyamazisha. Aliuliza hivi: «Mama analima lengalenga kando ya mfereji wa mji. Anazimwagilia maji yanayotoka vyooni, halafu anaziuza sokoni. Je, anafanya zambi?» Mmoja alijibu ndiyo, kwa sababu anauza ugonjwa. Mwingine alijibu hapana, kwa sababu hana maji mengine, na watoto wake wanangojea chakula. Padri mwalimu hakukata neno. Alisema tu: «Kwanza mujue maji yale yanabeba nini. Halafu mutaweza kuhukumu.»

Tulitii agizo lile. Tulisoma, tuliuliza wanganga, na tulichopata tunakiandika hapa. Tunakiandika kwa ajili yenu kwani wengi kati yenu mutatumwa kesho kutunza misioni yenye dispansari, masomo na bustani ya mboga. Huko watu watawauliza maswali kama hayo, wala hawatangojea mufungue kitabu.

I. Sugu ni nini?

Mtu aliyeshika jembe miaka mingi ana sugu mikononi. Mpini unaomtoa mgeni malengelenge, yeye hausikii tena. Kwa neno hilohilo twasema mikrobi fulani ni sugu: dawa iliyoziua zamani, leo haiziumizi.

Lakini mfano huu una mpaka wake. Sugu ya mkono inaota kidogo kidogo katika mkono uleule. Mikrobi hazifanyi hivyo. Ndani ya kundi la mamilioni, chache zimezaliwa na uwezo wa kuvumilia dawa. Dawa ikiingia, zile zaifu zinakufa, na zile chache zinabaki peke yao na nafasi yote. Zinazaa upesi, nyingine mara moja katika kila dakika 20. Basi baada ya siku moja, kundi zima ni watoto wa wale waliovumilia. Tufahamu vema: si mwili wa mgonjwa uliozoea dawa, kama watu wanavyosema. Ni mikrobi zilizochaguliwa na dawa yenyewe.

Jambo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini huko London mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliwaonya watu kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo kidogo mno, itazifundisha mikrobi kuivumilia. Tena usugu ni wa zamani kuliko dawa za viwandani. Antibiotiki nyingi zilitoka katika udongo. Streptomisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyoweza kutibu kifua kikuu, ilitolewa mwaka 1943 katika kiumbe kidogo sana cha udongo, Marekani, na Albert Schatz katika laboratwari ya Selman Waksman. Viumbe vya udongo vinapigana kwa sumu hizo tangu kale, na vingine vimepata ngao. Mwaka 2011 wajuzi walitangaza kwamba wameona alama za usugu katika udongo ulioganda kwa baridi inchini Kanada tangu miaka 30,000. Mtu hakuumba usugu. Anauzidisha, anauhamisha, na kuuleta mezani pake.

II. Mikrobi zinavyopeana usugu

Kama usugu ungepita kwa mzazi na mtoto tu, hatari ingekuwa ndogo zaidi. Lakini mikrobi zina njia ya pili.

Katika miaka ya 1950, Japani ilisumbuliwa na ugonjwa wa kuhara damu. Wanganga waliona jambo la ajabu: mikrobi ya ugonjwa ule, iitwayo Shigella, ilishinda dawa nne kwa mara moja. Mwaka 1959 wajuzi wa Japani walionyesha sababu. Shigella ilipokea usugu kwa jirani yake, Escherichia coli, mikrobi inayokaa tumboni mwa kila mtu, na mara nyingi bila kumletea zara.

Inapokeaje? Ndani ya mikrobi kuna maandiko ya uzazi wake, yaani jeni. Mbali na maandiko makubwa, mikrobi nyingi zina pete ndogo ya jeni iitwayo plasmidi. Mikrobi mbili zikikaribiana, ya kwanza inanakili pete yake na kumpa mwenzake nakala. Waseminari mtaelewa mara moja: ni kama mwanafunzi anayemwazima mwenzake daftari. Mwenzake anaandika yote, na mwenye daftari hapotezi neno. Tena wale wawili hawapashwi kuwa wa ukoo mmoja. Mikrobi isiyo na zara inaweza kumpa mikrobi ya ugonjwa, na pete moja inaweza kubeba usugu juu ya dawa tatu, nne, tano.

Mfano wa siku zetu ni homa ya tifoide. Mwishoni mwa mwaka 2016, katika jimbo la Sindh inchini Pakistani, ilitokea tifoide iliyoshinda karibu dawa zote za kawaida, hata ceftriaxone ya sindano. Mwaka 2018 wajuzi walionyesha kwamba mikrobi ya tifoide ilikuwa imepata plasmidi iliyofanana na zile za Escherichia coli. Ugonjwa ukaenea kwa njia ya maji yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo. Hivi mikrobi ya amani ilimpa silaha mikrobi ya vita, na maji yakaibeba nyumba kwa nyumba.

III. Kutoka tumboni hata bustanini

Sasa tufuate njia ya maji.

Mgonjwa anameza dawa. Sehemu kubwa ya antibiotiki nyingi haibadiliki mwilini. Inatoka na mkojo au na choo. Pamoja nayo zinatoka mikrobi za tumbo, na kati yake zile sugu zilizobaki hai. Yote yanaingia katika mfereji. Humo yanakutana na maji ya lopitali, maji ya machinjio, mbolea ya kuku waliopewa dawa, na mahali pengine maji ya viwanda vya dawa. Mfereji ni kama soko la siku ya Jumamosi: watu wa kila kijiji wanakutana, na kila mmoja anarudi na kitu cha mwenzake. Mikrobi ni nyingi, chakula kipo, dawa kidogo ipo ya kuua zaifu. Pahali pazuri zaidi pa kuazimana daftari ni vigumu kupapata.

Halafu maji hayo yanapandishwa shambani. Tusifikiri kwamba ni desturi ya watu wachache wajinga. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 inaonyesha kwamba hektari karibu milioni 36 za mashamba duniani, chini ya miji, zinamwagiliwa maji ya mito inayopokea kwa wingi maji machafu ya miji hiyo. Hektari milioni 29 kati yake ziko katika inchi zinazosafisha sehemu ndogo tu ya maji hayo.

Juu ya nini watu wanayatumia? Kwa sababu tatu zenye akili. Maji ya mfereji hayakauki wakati wa kiangazi. Yana azoti na fosfori, vyakula vya mimea, na mkulima hanunui mbolea. Tena yako karibu na soko, ambapo mboga mbichi inauzwa kabla haijanyauka. Mama wa swali letu si mpumbavu. Anafanya hesabu yake, na hesabu ni sahihi, ila kuna garama moja asiyoiona.

IV. Bonde la Mezquital

Tukitaka kujua maji machafu yanafanya nini katika udongo baada ya muda mrefu, twende Meksiko.

Mji wa Mexico umejengwa katika bonde la juu lisilo na mlango wa maji, meta 2,240 juu ya bahari. Mvua ikinyesha, mji unafurika. Kwa hiyo watu walichimba mfereji mkubwa, uliofunguliwa mwaka 1900, kutoa maji ya mvua na ya vyoo kuelekea kaskazini. Yalifika katika bonde la Mezquital, jimbo la Hidalgo, inchi kavu ya watu wanaoitwa Otomi. Wakulima waliona maji meusi yakipita, wakayaingiza mashambani. Inchi ya miiba ikawa inchi ya mahindi na majani ya mifugo. Leo hektari 80,000 au zaidi zinamwagiliwa humo, na wajuzi wanalihesabu bonde hili kati ya mashamba makubwa kupita yote duniani yanayoishi kwa maji machafu.

Baraka hiyo haikukosa mzigo. Katika miaka ya 1990 wanganga waliwapima watoto wa bonde. Katika jamaa zilizomwagilia maji machafu mabichi, watoto walikuwa na minyoo ya tumbo mingi kuliko wale wa mashamba ya mvua. Pale ambapo maji yalikaa kwanza katika ziwa la kutengenezwa, mzigo huo ulipungua.

Mwaka 2012 wajuzi wa Meksiko na wa Ujerumani walitangaza kazi nyingine. Walichukua udongo wa mashamba yaliyomwagiliwa miaka michache, mengine karibu miaka 100, na mengine yasiyopata ila mvua. Waliona kwamba dawa kama vile siprofloksasini na sulfametoksazoli zinakusanyika udongoni mwaka kwa mwaka. Tena, katika gramu moja ya udongo uliomwagiliwa, jeni za usugu juu ya sulfamidi zilikuwa nyingi kuliko katika udongo wa mvua.

Sheria ya Meksiko inakataza kulima kwa maji hayo mboga zinazoliwa mbichi. Tena katika miaka ya 2010 mtambo mkubwa wa kusafisha maji ulianza kazi huko Atotonilco. Ulitengenezwa kupokea meta za ujazo 35 kila sekunde. Ajabu ni hii: wakulima wengi hawakuufurahia. Waliogopa kwamba maji yaliyosafishwa yatapoteza mbolea, na kwamba maji safi yatawavutia wengine kuyachukua. Asiyeuliza sababu ya mkulima atajenga mtambo mzuri na kupata adui.

V. Je, udongo umeshindwa?

Hapa tusikimbie mbele ya ukweli. Kuona jeni katika udongo si sawasawa na kuona mgonjwa kitandani. Udongo una wenyeji wake wengi, wenye nguvu, na mikrobi za tumbo zikifika huko ni wageni wanaokufa njaa. Mwaka 2012 vilevile, wajuzi wa Israeli, inchi inayotumia tena karibu maji yake yote ya vyoo baada ya kuyasafisha, walilinganisha mashamba. Waliona kwamba udongo uliomwagiliwa miaka mingi maji machafu yaliyosafishwa haukuwa na usugu kupita udongo uliomwagiliwa maji safi.

Tukiweka Meksiko na Israeli pamoja, tunapata fundisho moja. Kosa si kurudisha maji ya mji shambani. Inchi kavu haina haki ya kumwaga maji bure. Hatari ni kuyarudisha mabichi, kila siku, bila ukuta wowote kati ya choo na mdomo. Udongo unaweza kumaliza mzigo wa kiasi. Hauwezi kumaliza mzigo unaoletwa upya kila asubuhi. Tena jani la saladi lililomwagiliwa jana jioni na kuuzwa leo halikuupa udongo nafasi ya kufanya kazi. Maji yalipita juu ya jani, si ndani ya udongo.

VI. Mji uliofunga njia

Mutauliza: kama hatuna mitambo ya Israeli, tutafanya nini? Mji wa Santiago inchini Chile unatujibu.

Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, karibu kila nyumba ya Santiago ilikuwa na maji safi ya bomba na choo cha maji. Lakini tifoide ilikuwa nyingi ajabu: kuna miaka ilipopita wagonjwa 200 kwa kila watu 100,000. Iliwapata maskini na matajiri. Wanganga walishangaa, kwani tifoide ni ugonjwa wa uchafu, na nyumba zilikuwa safi. Walipotafuta katika mifereji ya mashamba kando ya mji, waliikuta mikrobi ya tifoide ndani ya maji. Vyoo vya mji vilimwagika mitoni, mito ilimwagilia saladi wakati wa kiangazi, na saladi ilirudi mjini katika sahani za watu.

Mwaka 1991 kolera ilifika Peru, na katika mwaka ule mmoja wagonjwa walipita 300,000 huko. Serikali ya Chile iliogopa. Ilikataza kabisa kumwagilia maji ya vyoo mboga zinazoliwa mbichi, iliharibu mboga zilizokwisha kupandwa hivyo, ikafundisha watu kupika na kuosha. Wagonjwa wa kolera wa Chile mwaka ule hawakufika 100. Tena, jambo ambalo si wengi walilingojea, tifoide ilianguka gafula, wala haikurudi kama zamani. Mitambo mikubwa ya kusafisha maji ya Santiago ilijengwa baadaye, katika miaka ya 2000.

Habari hii ni ya tifoide, si ya usugu. Lakini mikrobi sugu haina mabawa yake ya pekee. Inatembea kwa njia ileile ya mikrobi nyingine: choo, maji, jani, mkono, mdomo. Ukifunga njia kwa moja, umeifunga kwa zote mbili. Tena kila mtu asiyeugua ni mtu asiyemeza antibiotiki. Anayezuia ugonjwa mmoja anazuia usugu mara mbili.

VII. Na kwetu?

Kinshasa ni mji wa watu zaidi ya milioni 15, na hauna mtambo wa kusafisha maji machafu ya mji mzima. Mashimo ya vyoo yanajaa, mvua inayafurisha, na yote yanashuka mitoni. Kando ya mto N'djili na katika mabonde mengine kuna bustani za mboga zinazolisha soko. Mwaka 2016 wajuzi wa Kinshasa na wa Genève walitangaza kwamba wamepima matope ya mito inayopokea maji ya lopitali. Waliona jeni za usugu humo. Lakini waliona tena kwamba lopitali si chemchemi ya pekee: mji wenyewe unaongeza sehemu yake. Basi tusiwanyoshee kidole wanganga tu.

Kinshasa si peke yake. Kila mmoja wenu anajua mji au senta ya kwao ambapo mfereji unapita nyuma ya vyoo na mbele ya bustani. Tena hatari si ya kesho. Hesabu ya dunia ya mwaka 2019 ilionyesha watu milioni 1.27 waliokufa kwa sababu ya mikrobi sugu zenyewe, na Afrika ya chini ya Sahara ilikuwa imelemewa kuliko pahali pengine. Wanaokufa kwanza ni watoto wachanga na wale wasio na feza ya kununua dawa ya pili wakati dawa ya kwanza imeshindwa. Tajiri anabadili dawa. Maskini anabadili sala tu.

Hata sisi tujipime. Ni nani kati yetu hakununua vidonge vinne vya antibiotiki kwa mafua, bila munganga, akameza viwili na kumpa rafiki viwili? Mafua yanatoka kwa virusi, na antibiotiki haiui virusi. Vidonge vile havikumponya mtu. Vilichagua tu mikrobi sugu tumboni mwetu, na asubuhi tulizipeleka chooni.

VIII. Ukuta nyuma ya ukuta

Mwaka 2006 Shirika la Afya la Dunia lilitoa maongozi juu ya maji machafu katika kilimo. Shauri lake ni la watu wasio na mitambo: usingoje ukuta mmoja mkubwa, jenga kuta ndogo nyingi, moja nyuma ya nyingine. Kila ukuta unapunguza mikrobi, na hesabu zinazidishana.

Ukuta wa kwanza ni kuyapumzisha maji. Mkulima achimbe mashimo mawili au matatu. Maji yakae siku kadhaa, mayai ya minyoo yashuke chini. Achote juu taratibu, asikoroge matope.

Ukuta wa pili ni kumwagilia udongo, si jani. Maji yakitolewa tone kwa tone kwenye shina, hata mboga fupi inabaki na mikrobi 1 tu katika 100. Asiye na mipira atoboe kopo na kumwaga karibu na udongo.

Ukuta wa tatu ni kungoja. Mkulima akiacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, jua linafanya kazi bure. Kwa siku moja zinakufa mikrobi 2 katika 3, hata 99 katika 100, kadiri ya joto na ukavu. Ni kweli kwamba mboga inanyauka kidogo na bei inashuka. Kwa hiyo wanunuzi, nasi kati yao, tusidai daima jani linalodondosha maji.

Ukuta wa nne ni kuosha. Kuosha kwa nguvu katika maji safi kunaacha mikrobi 1 katika 10. Ukiongeza dawa ya klorini katika maji ya kuoshea, kisha ukasuuza kwa maji safi, inabaki 1 katika 100. Lakini kuosha mboga sokoni katika mfereji uleule ni kuongeza uchafu, si kuuondoa.

Ukuta wa tano, ulio mkubwa kupita yote, ni moto. Kupika kunaacha mikrobi 1 katika 100,000, au katika milioni. Mama zetu wanaochemsha sombe na lengalenga kwa muda mrefu, bila kusoma kitabu chochote, wametulinda miaka mingi. Tusizarau desturi yao. Hatari imeingia na saladi mbichi ya siku za sikukuu, na kisu kilichokata mboga mbichi kiisha kikakata mkate.

Tusisahau mlimaji mwenyewe. Yeye anasimama ndani ya maji tangu alfajiri. Apate viatu vya mpira, anawe kwa sabuni kabla ya kumnyonyesha mtoto, na mtoto asichezee mferejini. Mikrobi inamfikia yeye mbele ya mnunuzi.

Halafu kuna ukuta ulio mbele ya zote: kupunguza usugu mahali unapozaliwa. Tusimeze antibiotiki bila munganga, tufuate kipimo na siku alizoagiza, tusigawane vidonge, tusitupe vilivyobaki chooni, bali tuvirudishe dispansari. Kuku wa misioni wasipewe dawa za kuwanenepesha. Choo cha seminari kisiwe juu ya kisima, wala mfereji wake usielekee bustanini. Mambo haya si mageni katika imani yetu. Torati yenyewe iliwaagiza wana wa Israeli wawe na chombo cha kuchimbia, na kufunika uchafu wao nje ya kambi.

Jibu kwa mufratri

Turudi kwa mama na lengalenga zake. Je, anafanya zambi?

Asiyejua hana kosa la asilolijua. Na akijua, lakini hana maji mengine, hatupashwi kumtwika mzigo ambao hatuugusi hata kwa kidole. Uchafu katika mfereji wake si wake. Ni wetu, tuliotumia choo asubuhi. Ni wa lopitali isiyosafisha maji yake. Ni wa Leta isiyojenga. Anayemkataza kulima na kwenda zake, amemwondolea chakula bila kuondoa mikrobi hata moja katika mto. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alifundisha katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015 kwamba kupata maji salama ni haki ya kila mtu. Haki hiyo ni ya mama huyo pia, kwa kunywa na kwa kulima.

Lakini sisi tuliosoma, tunajua sasa. Tukinyamaza, swali la zambi linageuka na kututazama sisi. Padri atakayefika katika parokia na kuona bustani kando ya mfereji, asianze kwa hotuba. Ashuke bondeni, asalimie, aulize maji yanatoka wapi na mboga zinauzwa siku gani. Achimbe shimo la kwanza pamoja na wakulima. Awaite munganga wa dispansari na mkubwa wa komine waje waone. Na siku anapoalikwa kula, ashukuru kwa lengalenga iliyopikwa vema.

Tulimpelekea mufratri wetu jibu hili. Alilisoma, akaliweka mfukoni, akatwambia kwamba bustani yetu ya seminari yenyewe inachota maji katika kijito, na kwamba hajapata kupanda kuona kilicho juu ya kijito kile. Alhamisi iliyofuata tulipanda pamoja. Tulikuta vyoo vitatu na machinjio madogo. Kazi ya kuchimba mashimo ya kupumzishia maji imeanza; wenye nguvu na wenye majembe waje.